Mbegu za Majini na Mimba ya Tatu

Mimba yangu ya tatu ilikuja na njaa. Zile mbili za kwanza zilinijia na kichefuchefu tu, hata harufu ya chakula sikuitaka, lakini hii ilinifanya mtu wa kutafuna tangu nikifungua duka mpaka nikilifunga. Mimi ni fundi cherehani. Duka langu liko Kakuma mjini, kando ya barabara, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Ukishona sare, mikono na miguu ndiyo yenye kazi. Mdomo unakaa bure. Basi mdomo wangu ulijitafutia kazi. Asubuhi mandazi mawili na chai ya maziwa, saa nne biskuti, mchana ugali wangu na mboga, alasiri soda baridi kwa ajili ya joto, na mandazi mengine yaliyobaki kwa mama wa chai.

Jirani yangu wa baraza, mwanamke wa Sudan Kusini, alikuwa akiniangalia na kucheka. Yeye anakaa katika kambi ya wakimbizi, na kila siku huja kwa pikipiki na mzigo wa milaya, yale mashuka ya kitanda ambayo wanawake wa kwao huyadarizi maua mazito ya rangi. Mimi humkatia na kumpigia pindo kwa mashine, yeye hudarizi kwa mkono, tukiwa tumekaa mlango kwa mlango.

"Wewe unakula kama unajenga nyumba," aliniambia.

"Kuna fundi humu ndani," nikamjibu, nikijishika tumbo.

Kliniki ndiko nilikokatizwa kicheko. Walininywesha maji matamu sana, wakanikalisha kwenye benchi, kisha wakanidunga kidole. Muuguzi alikitazama kipimo, akanidunga kidole kingine, akakitazama tena. Ndipo akavuta kiti karibu nami.

"Mama, sukari yako imepanda. Hiki ni kisukari cha ujauzito. Wengi wakijifungua kinaondoka, lakini mpaka siku hiyo lazima tukishike vizuri."

Akaniuliza watoto wangu wa kwanza walizaliwaje. Nikamweleza juu ya yule wa pili. Alikuwa mkubwa kupita kiasi. Kichwa kilitoka, mabega yakakwama. Wakunga watatu walinishughulikia, mmoja akinisukuma juu ya tumbo, mwingine akinikunja miguu mpaka magoti yakagusa kifua. Alipotoka hakulia mara moja, na mkono wake wa kulia ulining'inia kama mkono wa shati lililoanikwa. Ulichukua miezi mingi kupata nguvu. Leo anaandika kwa mkono huo huo, lakini kila nilipomwogesha utotoni nilikuwa nikiuinua polepole na kuusikiliza, kana kwamba ungeniambia kitu.

Muuguzi alinisikiliza hadi mwisho. "Sukari ya mama ikizidi, mtoto naye anaipata na kunenepa," akasema. "Tena akizaliwa, sukari yake yeye inaweza kushuka ghafla. Ndiyo maana hatuchezi na jambo hili. Lakini tumeligundua mapema, na hilo ni jema."

Sikusikia lile neno la jema. Nilisikia mabega tu.

Mtaalamu wa lishe, kijana mpole mwenye miwani, alinipa kile chombo kidogo cha kupimia sukari na kunionyesha namna ya kujidunga pembeni mwa kidole, sio katikati ambako panauma. Kisha akanipangia chakula. Ugali upungue, mboga ziongezeke, samaki na maharagwe viwepo. Chai bila sukari. Soda, mandazi na biskuti, kwaheri. Na nisikae na njaa kwa muda mrefu. Katikati ya milo nile kitu kidogo: karanga, yai la kuchemsha, au maziwa lala yasiyotiwa sukari.

Kwenye karatasi mambo yalikuwa mepesi. Dukani hayakuwa hivyo. Karanga nilikuwa nimezichukia na mimba ile. Nikisikia harufu yake mate yananijaa kinywani na lazima nitoke nje. Yai lilinipa kiungulia. Maziwa lala mazuri ni ya asubuhi, na mimi sina friji. Kufika saa saba kwa joto la Kakuma yalikuwa yameanza kusema maneno yake. Mama yangu alinipigia simu kutoka Lodwar akaniambia nitafune mikoma, yale matunda magumu ya mkoma, kama tulivyofanya tukiwa wadogo. Nilimuuliza mtaalamu. Akatabasamu.

"Mikoma nayo ni tamu, mama. Subiri kwanza ujifungue."

Kwa hiyo nilikaa na mdomo mtupu. Niseme kweli, wiki zile zilikuwa mbaya. Nilikuwa mkali kwa wateja. Nilishona kola nyuma mbele. Alasiri, mama wa chai akipita na ndoo yake ya mandazi nilikuwa nageuza uso ukutani. Siku nyingine sikuugeuza, nikala, na kipimo kikaniambia ukweli saa mbili baadaye.

Mume wangu anafanya kazi Lodwar, katika kukarabati pampu za visima, na huja Kakuma wikendi au kazi ikimleta Kalobeyei, hapa jirani. Alipoona ninavyokonda uso na kukosa raha, alimweleza dada yake. Huyu wifi yangu ni mpishi Eldoret, katika nyumba ya familia ya Kihindi, na amekaa nao miaka mingi kiasi kwamba anajua kupika chakula chao kuliko chetu. Alikuja kututembelea mwezi ule. Kwenye mkoba wake mlikuwa na mfuko mkubwa, mwepesi kama mto wa pamba, umejaa vidude vyeupe vya mviringo, vyenye madoa ya kahawia.

"Bisi?" nikauliza.

"Si bisi. Ni mbegu za ua la majini, kama yungiyungi. Wanazikausha, wanazikaanga, wanazigonga zikiwa moto, zinafura hivi. Wao wanaziita makhana. Mama wa nyumba ile ana sukari tangu mimi sijaajiriwa. Kila siku saa kumi chai yake haina sukari, na kibakuli cha hizi."

Kwenye mfuko palikuwa na jina lingine la Kiingereza, ambalo ukilifasiri ni njugu za mbweha. Mume wangu alilisoma akacheka. "Mbweha wa huku wanakula watoto wa mbuzi. Wa kwao wanakula njugu?"

Nilijaribu moja. Ilikuwa kama kutafuna sponji. Wifi akaninyang'anya mfuko, akaweka sufuria pana juu ya jiko, samli kidogo sana, akazimimina na kuzigeuza kwa moto wa chini. Alifanya hivyo kwa subira, akichukua moja moja na kuibonyeza kwa vidole. Ilipovunjika kwa mlio mkavu, akaipua na kunyunyizia pilipili manga. Chumvi hakutia.

"Sasa jaribu."

Nikatia mdomoni. Zilikuwa nyepesi, zinapasuka, halafu zinayeyuka zikiacha ladha ya kitu kati ya maziwa na nafaka iliyokaangwa. Hazikuwa na harufu ya karanga. Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni nikitafuna, na nilihisi mabega yangu yakishuka. Wifi akaniondolea kibakuli kabla sijakimaliza.

"Kiganja kimoja. Usiniletee kesi kwa kaka yangu."

Sikutaka kujiamulia. Nilichukua mfuko ule mpaka kliniki, nikamwonyesha mtaalamu wa lishe. Hakuwa amewahi kuziona, na alisema hivyo bila aibu. Alisoma maandishi ya mgongoni kwa makini, akaingia kwenye simu yake akasoma zaidi.

"Mama, usidanganyike, zina wanga," alisema. "Mtu akikuambia zinaponya kisukari, mwambie asante uende zako. Lakini hazina sukari iliyoongezwa, mafuta ni kidogo, chumvi karibu hakuna, zina protini kiasi na madini ya magnesi. Ukilinganisha na mandazi, hizi ni rafiki. Kula kiganja kimoja, kisha upime. Kipimo ndicho kitakachotuamulia."

Nilikula alasiri ile, nikasubiri, nikajidunga. Nambari ilitokea ndani ya mpaka alioniwekea. Nikafikiri chombo kimeharibika. Kesho yake nikarudia, ikawa vile vile. Sikumwambia mtu kwanza. Nilikaa tu dukani, mguu ukiwa juu ya kanyagio la cherehani bila kushona chochote, nikiitazama tena ile nambari.

Jirani yangu alikuwa ameniona. "Ejok?" akanisalimia kwa Kiturkana, kama anavyofanya akitaka kunichokoza.

"Ejok," nikamjibu, nikamnyooshea kibakuli.

Alichukua moja, akaigeuza, akaing'ata nusu na kuitazama ndani. Kisha akaiweka sindano yake kwenye kitambaa.

"Hii nini?"

"Mbegu za ua la majini. Zimetoka kwa Wahindi."

"Hii mimi najua," alisema. "Si hii kabisa, lakini ni ndugu yake. Kwetu inatoka kwa mto. Mama yangu alikuwa anaingia kwa maji mpaka hapa." Akajigusa kifuani. "Anachuma kichwa ya hiyo maua, ile ua yenyewe imekwisha kuanguka. Anaweka pamoja, inaoza kidogo, anaosha. Mbegu ndani ni ndogo, kama mtama. Unakausha, unatwanga, unapika na samaki. Kama maji imekula shamba, ama vita imefunga njia, ni hiyo tu iko. Sisi tulikua na hiyo."

Akala nusu iliyobaki.

"Sasa Muhindi anakula hii kwa nini? Yeye pia alikimbia?"

"Hapana. Anakula kwa sababu ya sukari. Yeye ni mtu ameshiba."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya milaya aliyokuwa anaidarizi. "Kwetu ukionekana unakula hii, watu wanasema huyu amefika mwisho. Na huko ni chakula ya tajiri." Akanyoosha mkono akachukua nyingine, na safari hii aliitafuna polepole. Nilimwona ameenda mbali. Baadaye alinisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akiwaonya wasiingie majini mchana kwa sababu ya viboko, jinsi bua la ua lile nalo huliwa bichi, tamu kwa mbali, na jinsi watoto walivyogombania vikonyo. Miaka yote tuliyokaa baraza moja hakuwahi kunisimulia habari za mama yake. Alasiri ile alinisimulia mpaka jua likapungua, na mimi sikuona mama wa chai alipopita.

Basi ikawa desturi yetu. Yeye ndiye aliyekuwa mkali kuhusu kiganja kimoja kuliko wifi. Nikipeleka mkono mara ya pili, anafunika kibakuli na kitambaa.

Hata hivyo nilijifunza kwamba kitu kizuri nacho kina upande wake. Wiki moja ya joto kali sikuwa nakunywa maji ya kutosha, bomba lilikuwa limekatika na nilikuwa nayabania maji ya madumu, na zile mbegu kavu zikanifunga choo vibaya sana. Nililalamika kwa jirani.

"Hii ni kitu ya maji," akasema. "Imekauka ikafika hapa. Lazima uirudishie maji yake."

Sijui kama hiyo ndiyo sayansi yake, lakini nilikunywa maji, nikaongeza sukuma wiki, na mambo yakatengemaa.

Hofu kubwa zaidi ilitoka kwa mume wangu, kwa upendo mtupu. Alitumwa Eldoret kuchukua vipuri vya pampu, na kwa kuwa mfuko wa wifi ulikuwa umeisha, akapita dukani mwenyewe akaninunulia mifuko mitatu. Ilikuwa mizuri, ina rangi ya dhahabu na picha ya ua. Nilifungua mmoja nikiwa na kazi ya haraka, shule ilikuwa inafungua, nikawa natupia mdomoni huku nashona. Niliona ni tamu zaidi, nikadhani ni aina nyingine tu. Saa mbili baadaye nikapima kwa mazoea, na nambari iliyotokea sikuwahi kuiona hata siku za mandazi.

Nikanawa mikono nikapima tena. Ile ile.

Nilimpigia mume wangu nikilia. Alikuwa juu ya kisima huko Kalobeyei, upepo unavuma kwenye simu, na ilimchukua muda kuelewa nasema nini.

"Lakini si ni zile zile?" akasema. "Nimemwambia muuzaji makhana."

"Sijui. Labda ugonjwa umenizidi. Labda hata zile za kwanza zilikuwa zinanidanganya."

"Chukua mfuko uende kliniki sasa hivi. Mimi nakuja."

Nilimkuta mtaalamu wa lishe karibu anafunga ofisi. Nilimpa mfuko bila salamu. Aliugeuza, akasoma, akauweka mezani, akavua miwani.

"Mama, hizi zimepakwa sukari guru. Imeandikwa hapa, maandishi madogo. Umekula peremende."

Nilimtazama. "Kwa hiyo ugonjwa haujazidi?"

"Ugonjwa uko pale pale ulipokuwa jana. Nenda katembee kidogo, unywe maji, ule chakula chako cha jioni kama kawaida. Kesho asubuhi upime kabla hujala kitu, unipigie."

Mume wangu alifika amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Alipoelezwa aliketi kwenye ngazi za kliniki akashika kichwa, nami nilipomwona hivyo nikaanza kucheka, sikuweza kujizuia, na yeye akacheka pia. Tulitembea polepole hadi nyumbani, amebeba ule mfuko uliofunguliwa kama mtu aliyebeba nyoka. Miwili iliyobaki aliwapa mafundi wenzake kazini. Asubuhi kipimo kilikuwa kizuri. Tangu siku hiyo hajawahi kununua kitu cha kuliwa bila kukigeuza nyuma kwanza, hata unga.

Muda ulipokaribia nilifunga duka nikashuka Lodwar, nikakaa nyumbani kwa mume wangu, na mama yangu akahamia kwetu. Katika hospitali walinipiga picha ya tumbo. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, alisogeza kile chombo juu ya ngozi yangu kwa muda ambao niliuona mrefu.

"Mtoto ana ukubwa wa kawaida," akasema.

"Mabega je?"

Alinitazama, kisha akasoma faili langu, akaelewa. Akakirudisha kile chombo tumboni, akapima tena, akanigeuzia skrini. Mimi niliona mawingu tu. "Mabega ni ya mtoto wa kawaida," alisema. "Bado tutajiandaa kwa lolote siku ya uchungu. Lakini nikiangalia hapa, sina wasiwasi."

Uchungu ulianza alfajiri nikiteleka maji ya uji. Tulifika hospitalini jua likichomoza, na kabla mume wangu hajamaliza kuegesha pikipiki aliyoazima, mambo yalikuwa yameshika kasi. Wakunga walikuwa tayari, wamejipanga kama walivyoahidi. Kichwa kilipotoka nilifumba macho nikayasubiri mabega. Nilikuwa nimeyasubiri kwa miezi. Na hayakukwama. Yalipita kwa msukumo mmoja, kama mtu anayepita mlangoni upande upande, na mtoto akalia kabla sijafumbua macho.

"Msichana," mkunga akasema. "Na ana hasira."

Nikauliza mikono. Akaniinulia, nikaiona yote miwili ikipiga hewa.

Walimdunga kisigino kupima sukari yake, wakamrudisha kifuani anyonye, wakampima tena baadaye. Ilikaa sawa. Mama yangu aliingia akamshika, akamtemea mate kidogo kwenye paji la uso kwa baraka kama walivyotutemea sisi, kisha akaketi kwenye kitanda changu na kuanza kulia kimya kimya. Sikujua kwamba yeye pia alikuwa akiogopa. Wakati wote ule alikuwa akiniongelesha habari za mikoma.

Wiki kadhaa baadaye, katika hospitali ile ile, nilirudishwa kwenye yale maji matamu, kipimo cha mwisho cha kuona kama sukari imeondoka. Mume wangu alikuja nami. Alimpakata mtoto kwenye benchi akalala naye hapo hapo, mdomo wazi, watu wakipita na kutabasamu. Muuguzi alitoka na faili langu akaniita pembeni.

"Imerudi kawaida. Lakini mwili wako umeshatuonyesha njia unayoweza kupita, kwa hiyo upime kila mwaka, na usirudie zile soda."

"Sitarudia," nilisema, na nilikuwa namaanisha zaidi kuliko alivyodhani.

Nilimgusa mume wangu bega. Aliamka, akanitazama usoni akajua. Akasimama, akanipa mtoto, akaenda kuichukua pikipiki kivulini. Tulipitia sokoni tukanunua samaki wa kutoka Longech, huko ziwani, mkubwa, tukamwambia muuzaji amkate vipande vipande vya kuchemsha. Mtoto alikuwa amelala. Upepo wa Lodwar ulikuwa unapeperusha mchanga kwenye meza za wauzaji, na wanawake walikuwa wanafunika samaki zao na magunia, wakilalamika juu ya joto, na mimi nilisimama katikati yao nikaona ni siku nzuri kabisa.